Mwanaume mwenye anapiga, mwenye anaimba muzuri: njia nne za kumupandisha ku sene

Siku Liverpool inacheza, ingia mu nganda yoyote ya Majengo yenye iko na televizio kubwa, utasikia vijana banavuta You'll Never Walk Alone na koo yote, mikono juu, hata bale Kingereza yao inaishiaka ku salamu. Wimbo ya kusimamisha nywele za mkono. Lakini uliza mule ndani ilitoka wapi, batakuambia ni ya Liverpool. Hapana. Ilitoka ku teatri, New York, mwaka 1945, mu mchezo unaitwa Carousel, na mu ule mchezo banaiimbia bibi mwenye bwana yake amekufa sasa hivi mbele yake, na ule bwana njo mwenye alikuwa anamupiga.

Mi nilijua hiyo kisha miaka mingi ya kuiimba, na kusema kweli iliniharibia siku.

Naanza na hiyo sababu grupu yetu hapa Goma iko na mzigo uleule. Tuko vijana kumi na mbili, sinte moja, gita mbili, na ngoma zenye tunaazimaka ku korali. Tumeandika mchezo wa nyimbo juu ya motari mmoja wa Ndosho: anaimba rumba kuliko bote, anachekesha bateja, anapeleka mama mjamzito ku hopitali usiku bila kuomba hata franga, na akifika nyumbani anapiga bibi. Sene zote ziko, mwisho njo hauko. Mukubwa wa korali anataka bwana aokoke. Mwengine anataka afe ao afungwe. Dada mwenye anacheza bibi anataka kubeba valizi yake aende, na mchezo uishie palepale. Na mwenye kupiga sinte anasema tufanye batu bacheke mpaka basikie haya. Tumebishana wiki mbili nzima, tumekula mandazi ya watu kwa deni, njo nikakaa nikaandika hii, kwa sisi na kwa kila grupu yenye imekwama kama sisi, iwe Bukavu, iwe Lubumbashi.

Vipimo kwanza

Nimeweka vinne, na kila njia nitaipitisha mule mule.

Moyo wa publiki: tunataka bamupende ule mutu, bamwelewe, ao bamwogope? Hivyo ni vitu vitatu, na grupu mingi inachanganya kuelewa na kusamehe.

Nafasi ya mwenye alipigwa: iko na nyimbo ngapi, na anaimba juu ya nini.

Kazi ya wimbo: hapa njo mchezo wa nyimbo unaachana na mchezo wa maneno matupu. Mutu akikuambia "nilimupiga lakini nilikuwa na mawazo mingi", utamukatalia hapohapo. Sasa aimbe maneno ileile, gita inalia pole chini yake, sauti tatu za korali nyuma, utajikuta unatikisa kichwa mbele ujue unakubali nini.

Njia ya kurudi: publiki inatoka mu sale na nini mu kichwa, hasa mwenye anarudi ku nyumba yenye kofi inamungojea.

Kipimo ya pili sikuitoa mu kitabu yoyote. Mama mwenye anauzaka mandazi ku mlango wetu alikaa siku moja akaangalia repetisio yote, akamaliza akasema: "Batoto bangu, huyu bwana munamupatia nyimbo sita, bibi yake munamupatia moja, na hata hiyo moja iko analilia bwana." Tukahesabu na vidole. Ilikuwa sita kwa moja. Tangu siku ile kila mchezo nauhesabia hivi: kisha kofi, nani njo anaimba wa kwanza?

Njia ya kwanza: anaokoka ku mwisho

Hii njo njia ya nyumbani. Mwenye alikomalia mu kanisa anaijua bila kufundishwa: bwana mlevi anapiga, bibi anaomba, pasta anaingia, bwana anapiga magoti, korali inasimama. Tumecheza hivyo tangu tuko mu shule ya Siku ya Mungu, njo maana mukubwa wetu haoni hata kwa nini tunabishana.

Carousel ya Rodgers na Hammerstein ni mfano mkubwa wa hiyo njia. Billy Bigelow anaita batu ku farasi za kuzunguka, mu mji mdogo wa Maine, Marekani. Anapoteza kazi, anaoa Julie Jordan, anamupiga, na hiyo kofi hatuionake ku sene, tunaisikia tu mu maneno. Sasa angalia hesabu ya mama wa mandazi: akisikia Julie iko na mimba, Billy anabaki peke yake ku sene na anaimba karibu dakika 7, anaota mutoto mwanaume, anacheka, anajivuna, halafu kwa ghafula anafikiri: na kama ni binti? Ukimaliza kusikiliza ile wimbo umekwisha. Umeingia mu tumbo ya ule mutu na hutoke tena. Anaenda kuiba juu ya mutoto, inaharibika, anajichoma kisu. Miaka 15 kisha, huko juu banamupatia siku moja ya kurudi duniani. Anamuletea binti yake Louise nyota, binti anakataa, naye anamupiga ku mkono. Halafu Louise anauliza mama yake kama inawezekana mutu akupige kwa nguvu na isikuume hata kidogo. Na Julie anajibu ndiyo, inawezekana.

Hapo sale nzima inalia, na mimi niko mu bale benye wanalia, sitadanganya. Ile wimbo ya Liverpool inarudi, Billy anafunguliwa mlango, tunaenda nyumbani.

Kwa moyo wa publiki hii njia inashinda zote, hakuna mwenye atatoka mbele ya mwisho. Na iko na kazi ya kweli: mwanaume mwenye anapigaka, akikaa mu sale na amuone mutu kama yeye akilia, pengine hiyo ni mlango wa kwanza wenye ameonyeshwa. Ukimuita shetani tangu dakika ya tano atasema "huyu si mimi" na atakunywa Primus yake kwa amani.

Shida iko ku nafasi ya bibi. Julie iko na wimbo nzuri, lakini ni ya kusema kama ni bwana yako, ni bwana yako, maneno ya kufikiri mingi ni ya nini. Na njia ya kurudi inatoka mu mdomo ya mama akimufundisha binti yake kwamba kofi ya mwenye anakupenda haiume. Hapa kwetu hiyo haihitaji tafsiri, kila mutu iko na shangazi mwenye alimuambia.

Kitu moja bantu hawajuake: hadithi yenyewe si ya Marekani. Ni ya Ferenc Molnár, Budapest, 1909, na kule ule bwana anamupiga binti, anashindwa mtihani wake wa siku moja, banamurudisha na inaishia palepale. Sene ya mwisho ya shule, yenye anasaidia binti yake asimame, iliongezwa New York, Aprili 1945, vita ya dunia bado haijaisha, wakati batu walikuwa wanataka kusikia kwamba mwenye amekufa hajaenda mbali. Mi naelewa. Lakini ona: mlango wa kuokoka si lazima ukuwe mu hadithi, ni mutu njo anaamua kuutoboa.

Inafaa nani: grupu ya kanisa, mchezo wa familia, sale yenye iko na bapapa wengi. Kwa sharti bibi aimbe kisha kofi na mbele ya msamaha, wimbo yake mwenyewe, si ya kubembeleza.

Njia ya pili: analipa

Hapa hatumusafishe. Tunamufuata mpaka shimo, tunaangalia.

Sweeney Todd ya Stephen Sondheim, 1979, ni kinyozi wa London mwenye jaji mmoja alimufunga kwa uongo juu ya kumutamani bibi yake. Anarudi kisha miaka 15 (tena 15, sijui bale waandishi wako na nini na hiyo namba), anataka kulipiza, anakosa, na hasira yake inatoka ku jaji inaangukia kila shingo yenye inakaa ku kiti yake. Kazi ya wimbo hapa ni ya ajabu: kuko sene yenye anaimba pole pole, sauti tamu kabisa, anamufikiria binti yake, na huku anakata bateja moja kisha mwengine. Wimbo haimuoshe. Utamu wenyewe njo unakutisha, unaanza kushika shingo yako. Ku mwisho anamukata muombaji mmoja wa barabara bila hata kumuangalia uso, na ule muombaji alikuwa bibi yake. Naye anakatwa na kijana mdogo.

Moyo wa publiki: tunamwelewa sana, hatumusamehe. Ni ngumu kupata hiyo mizani na mi naiheshimu kuliko yote. Lakini nafasi ya bibi ni mbaya hata kuliko Carousel, ule mama anapitia mchezo mzima kama kichaa wa barabara na jina yake tunaijua akiwa maiti.

Karibu na sisi kuko King Kong ya Afrika Kusini, na hii nataka nikae nayo kidogo sababu si hadithi ya kubuni. Ezekiel Dlamini alikuwa boksere wa uzito mkubwa, Johannesburg, jina yake ya ringi njo King Kong. Alimuua mpenzi wake. Ku tribinali akaomba bamunyonge, jaji akamupatia miaka 14 ya kazi ngumu, na mwaka 1957 akakufa ndani ya maji akiwa mfungwa. Mwaka 1959, yaani kaburi bado haijaota majani, Todd Matshikiza akamufanyia muziki, bakafungua ku chuo kikuu cha Witwatersrand, Nathan Mdledle akiwa bondia, na Miriam Makeba, wakati ule iko na miaka 26, akiwa Joyce, ule mpenzi, malkia wa nganda. Mwaka 1961 mchezo ukafika London.

Wenye waliutunga walifanya kitu moja ya akili: Joyce si bibi wa kulia mu kona, ni nyota. Iko na sauti, iko na nganda yake, iko na wanaume wanamuogopa. Kwa hiyo akiuawa, sale inapoteza wimbo yenyewe. Kimya yake unaisikia. Hiyo ni hesabu tofauti na yetu ya sita kwa moja, na haihitaji hotuba hata moja.

Hatari ya hiyo njia ni sifa. Mutu akianguka na orkestra nzima nyuma yake, anageuka mukubwa. Mpaka leo jina inayobaki ku bango ni ya bondia. Na hapa kwetu, kwenye vijana wanajipatiaka majina ya bakomanda, mwanaume mwenye anakufa vizuri ku sene si onyo kwa kila mutu, kwa wengine ni posta ya kubandika mu chumba.

Njia ya kurudi: publiki inatoka kimya. Kwa mwenye amepoteza mutu kwa mikono ya mutu, hiyo inaweza kuwa heshima, inaweza pia kuwa mzigo wenye hakuomba. Uweke mutu wa kuongea naye ku mlango, msiache batu batoke hivi hivi.

Inafaa nani: grupu yenye iko na baimbaji wa kweli (ule muziki wa Sondheim ni mugumu, solfeji ya Jumapili haitoshe), na mwenye anaandika juu ya mutu wa historia mwenye mwisho wake tayari unajulikana.

Njia ya tatu: mwenye alipigwa anachukua sene

Hapa mwisho unabadilishwa ao mchezo mzima unageuzwa uangaliwe na macho ya bibi.

Carmen ya Georges Bizet, Paris, 1875: askari Don José anamuua Carmen, mwanamuke mwenye amemuambia simutake tena. Januari 2018, mu mji wa Florence, Italia, mwongozaji Leo Muscato akageuza: Carmen anakamata bunduki, anamupiga José. Bamoja bakapiga mikono, bengine bakazomea, na usiku wa kwanza ile bunduki ikakataa kulia. Mi nacheka kila nikiikumbuka, si kwa ubaya, ni vile tu teatri ilivyo, unabadilisha historia ya miaka 143 na risasi inagoma.

Mwaka ule ule wa 2018 Carousel ikarudi New York, na wao walifanya kidogo tu: ile maneno ya kofi yenye haiume, bakaikata.

Tofauti ya hizo mbili inafundisha. Florence ilibadilisha dakika tano za mwisho, lakini muziki wote mbele yake umeandikwa kumulilia José, kwa hiyo masikio inasikia kitu moja na macho inaona ingine. New York iliondoa mwiba na ikaacha mti wote. Hakuna moja yenye ilimupatia bibi wimbo mupya. Njo maana mi nasema ukichukua hii njia, usianzie ku mwisho. Anza ku sene ya tatu, mupatie bibi melodi yake mapema, irudi ikikomaa, ili siku anabeba valizi sale iwe imeshaijua na iweze kumuimbia.

Moyo wa publiki unagawanyika. Bamama watasimama. Bapapa bamoja batasema mchezo umetumwa na ma-onjee, na hiyo si maneno ya kupuuza, sababu kweli kuko michezo ya sensibilizasio yenye bwana ni sanamu ya kupigwa mawe, anaingia anapiga, anafungwa, bantu banakula soda banaenda. Bwana akiwa wa karatasi, nguvu ya bibi pia inakuwa ya karatasi.

Na kuko mambo ya haki: mchezo wenye wenyewe wako, kama Carousel, huruhusiwe kukata ao kugeuza bila ruhusa yao. Carmen ni huru, Bizet amekufa tangu 1875. Yenye umeandika mwenyewe, hakuna wa kuomba.

Inafaa nani: mchezo wa kwenu wenye bado unaandikwa, grupu yenye iko na dada mwenye sauti ya kubeba usiku mzima, na publiki yenye mlijiandaa kuongea nayo kisha.

Njia ya nne: bacheke mpaka mutego ufunge

Chicago ya Kander na Ebb pamoja na Bob Fosse, 1975. Muuaji ni mwanamuke, Roxie Hart, anapiga mpenzi wake risasi tangu mwanzo, na saa mbili zote ni namna ya kumugeuza nyota: avokati anamukalisha ku magoti kama sanamu ya kuongea, bajurnaliste banaimba uongo wake, sisi tunapiga mikono. Ilitoka ku mchezo wa 1926 wa Maurine Watkins, jurnaliste mwenye alifuata kesi za kweli za banawake bauaji mu mji wa Chicago. Ilirudishwa ku Broadway 1996 na imeendelea miaka mingi sana.

Kazi ya wimbo hapa ni hongo. Kila wimbo tamu ni pesa chini ya meza, na hakimu ni weye. Ushahidi uko mu mutu moja mdogo: mfungwa wa Hungaria, mwenye hajue Kingereza isipokuwa maneno mawili ya kusema hana kosa. Njo yeye banamunyonga. Hana wimbo ya kuchekesha, kwa hiyo hana avokati mu mioyo yetu. Ukiona hiyo, kicheko yako yote ya nyuma inakurudia.

Wenye waliuawa hapa hawana nafasi, ni utani, na ukiipeleka ku bwana mwenye anapiga bibi, utani unawaka moto. Nayasema nikijua: tulionyesha kipande yetu mu kiwanja moja, motari akapiga kofi, na batu wakacheka. Wengi. Ilikuwa kicheko ya mazoea, ile ya teatri ya televizio yenye kofi ni sawa na kuteleza ku ganda ya ndizi. Mwenye sinte yetu anaona pale kuko mlango: acha bacheke ya kwanza, bacheke ya pili, ya tatu ikuje bila ngoma na bibi asiamuke haraka. Nakubali inaweza kuwa kali kuliko njia zote. Lakini inaomba mutu wa kupima dakika kama fundi wa saa, ukichelewa kidogo publiki inaenda nyumbani ikiwa imecheka mwanamuke kupigwa, njo hivyo tu.

Inafaa nani: grupu yenye ina wachekeshaji wa kweli, sale ya bakubwa, na mada yenye kosa si la mutu moja tu, ni la tribinali, la radio, la jirani mwenye alisikia.

Sasa munachagua nini

Kama munacheza mbele ya kanisa ao familia nzima na batoto wako pale, chukua ya kwanza, lakini mukate msamaha wa haraka. Bibi aseme anataka nini, hata kama anataka muda tu.

Kama hadithi ni ya mutu wa kweli, mwenye jina yake batu banaijua, ya pili, na muhesabie mwenye aliuawa nyimbo zake kama vile King Kong ilimuhesabia Joyce. Muongee na familia zote mbili mbele ya kuandika.

Kama mu sale munajua kuko banawake benye wamepitia, ya tatu njo inabeba pole zaidi, na hapo kofi yenyewe haiombwe kuonekana, inaweza kusikika ku mlango ao mu uso wa jirani.

Kama publiki yenu ni ile ya kucheka, msiikasirikie. Jaribu ya nne mu kiwanja mara tatu mbele ya siku kubwa, na mtu mmoja akae kule nyuma aangalie nani hacheki.

Kama hamuna pesa ya grupu ya umeme wala nguo, ya tatu na ya kwanza zinaweza kuchezwa na gita moja. Ya pili inaomba sauti, ya nne inaomba miguu ya kucheza dansi.

Na kama munagombana kama sisi, kuko ile ya kusimamisha mchezo mbele ya mwisho na kuuliza publiki, mutu apande ku sene aonyeshe vile angefanya. Augusto Boal wa Brazili aliifanyia kazi tangu miaka ya 1970, na hapa Mashariki tumeizoea. Ila ku mchezo wa nyimbo inasumbua: mutu wa publiki akipanda, ataimba nini? Sisi tulijaribu, papa mmoja akapanda akaanza zaburi, sinte ikamufuata mu tonu ingine, ikawa kichekesho.

Mpaka leo hatujamaliza. Tumefuta nyimbo mbili za motari na tumepatia bibi tatu, moja kati yake haitaje bwana hata mara moja, ni juu ya mashini yake ya kushona. Mwenye anacheza motari hanisalimie tangu Jumanne. Siku ya Posho mama wa mandazi atakuja kuhesabu tena.